Kompyuta Huzipimaje Timu za Konferensi Ndogo

Daraja la juu la futiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani lina timu zaidi ya 130, na kila timu hucheza mechi kama 12 tu kabla ya kuanza kutafutwa bingwa wa nchi. Katika ligi kuu ya soka, iwe ya Tanzania au ya Uingereza, kila timu hukutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu msimamo hauna ubishi. Katika futiboli ya vyuo, timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kufungwa, zikiwa hazijakutana, na bila kuwapo hata mpinzani mmoja aliyecheza na zote mbili. Ushahidi wa kuzilinganisha ni haba, na uhaba huo huziumiza zaidi timu za konferensi ndogo.

Konferensi ni ligi inayojitegemea. Vyuo vinavyoiunda huchezeana mechi nane au tisa kwa msimu, hugawana fedha za televisheni na humpata bingwa wao. Konferensi kama SEC na Big Ten zina vyuo vyenye viwanja vinavyobeba watazamaji 100,000 na makocha wanaolipwa mamilioni ya dola. Nyingine, kama Mountain West, MAC, Sun Belt na Conference USA, huendesha shughuli zao kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, na vijana wanaogombewa zaidi wakimaliza sekondari huzipita na kwenda kwa wakubwa. Hata hivyo, kila baada ya miaka michache chuo kimoja cha konferensi ndogo hupata kocha hodari na kundi la wachezaji waliokomaa pamoja, kikashinda kila mechi iliyo mbele yake. Hapo ndipo mjadala huanza: kiwekwe wapi katika orodha?

Kwa miongo mingi jibu lilitolewa kwa kura. Shirika la habari la Associated Press, AP, lilianza kukusanya kura za waandishi wa michezo kila wiki mwaka 1936, na kura ya makocha ikafuata mwaka 1950. Wapiga kura walitazama mechi chache, walisikia sifa nyingi, na aghalabu waliamini majina makubwa. Mwaka 1984 chuo cha Brigham Young, BYU, kutoka konferensi ya WAC, kilimaliza bila kufungwa, kikaifunga Michigan pointi 24 kwa 17 katika mechi ya mwisho wa msimu ya Holiday Bowl na kutangazwa bingwa. Tangu hapo hakuna timu ya konferensi ndogo iliyowekwa ya kwanza na AP mwishoni mwa msimu.

Kompyuta zilipewa mamlaka rasmi mwaka 1998, ulipoanzishwa mfumo wa Bowl Championship Series, maarufu kwa kifupi BCS. Lengo lake lilikuwa kuzikutanisha timu ya kwanza na ya pili katika mechi moja ya ubingwa, na nafasi hizo zilipatikana kwa kuchanganya kura za watu na hesabu za kompyuta. Konferensi sita ziliwekewa nafasi za moja kwa moja katika mechi kubwa za Januari. Nyingine zote zililazimika kupanda ngazi ya viwango. Mwanzoni timu ya konferensi ndogo ilitakiwa kuwa miongoni mwa sita za juu ili ihakikishiwe nafasi. Baadaye sharti lililegezwa hadi 12 za juu, au 16 za juu endapo ingempita bingwa wa mojawapo ya konferensi sita kubwa.

Kanuni yenyewe ilibadilishwa mara kadhaa. Msimu wa 2003 USC ilikuwa ya kwanza katika kura zote mbili lakini hesabu ya jumla ikaitoa nje ya fainali, na malalamiko yakawa makubwa. Kuanzia 2004 kompyuta zilipunguziwa nguvu: kura mbili zikachukua theluthi moja moja, na kompyuta sita zikagawana theluthi iliyobaki. Kwa kila timu, namba ya juu kabisa na ya chini kabisa kati ya hizo sita zilitupwa, na nne zilizobaki zikatafutiwa wastani.

Nyuma ya kompyuta hizo sita kulikuwa na watu wenye taaluma mbalimbali. Jeff Sagarin, msomi wa hisabati kutoka MIT, alikuwa akichapisha viwango vyake katika gazeti la USA Today tangu mwaka 1985. Wesley Colley alikuwa mwanafizikia wa nyota. Peter Wolfe alikuwa daktari wa magonjwa ya kuambukiza, na Kenneth Massey alianza mfumo wake akiwa mwanafunzi wa chuo. Richard Billingsley, pamoja na Jeff Anderson na Chris Hester walioshirikiana kutunga mfumo mmoja, walikamilisha orodha. Mmoja tu kati yao, Colley, ndiye aliyeiweka kanuni yake yote hadharani, kiasi kwamba mtu yeyote mwenye matokeo ya mechi angeweza kupata majibu yaleyale. Wengine walieleza misingi na kubaki na undani wao. Kwa mfumo uliogawa mamilioni ya dola, usiri huo ulikuwa kasoro kubwa.

Kanuni ya Colley ndiyo njia nzuri ya kuelewa jinsi timu ndogo inavyopimwa, kwa sababu haina kitu zaidi ya ushindi, kushindwa na majina ya wapinzani. Kabla ya mechi ya kwanza kila timu hupewa kiwango cha 0.5, iwe Alabama au chuo ambacho hakuna anayekijua. Baada ya hapo kiwango ni idadi ya ushindi ukiongeza moja, kugawanya kwa idadi ya mechi ukiongeza mbili. Timu iliyoshinda mechi yake ya kwanza hufikia 2/3, na iliyoshinda zote 12 hufikia 13/14, yaani 0.929.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito. Namba ya 0.929 huchukulia kwamba wapinzani wote walikuwa wa wastani, yaani 0.5 kila mmoja. Colley huiondoa dhana hiyo na kuweka viwango halisi vya wapinzani. Ushindi unaotumika katika hesabu huwa ni nusu ya tofauti kati ya mechi ambazo timu imeshinda na ilizopoteza, ukijumlisha viwango vya wapinzani wote. Kwa kuwa viwango vya wapinzani navyo hutegemea wapinzani wao, timu zote huingizwa katika mfumo mmoja wa milinganyo na kutatuliwa kwa pamoja.

Chukua timu mbili za kufikirika. Ya kwanza, ya konferensi ndogo, imeshinda mechi 12 kati ya 12, na wapinzani wake wana wastani wa 0.4. Nusu ya 12 ni 6, jumla ya viwango vya wapinzani ni 4.8, kwa hiyo ushindi unaohesabiwa ni 10.8. Ongeza moja, gawanya kwa 14, unapata 0.843. Ya pili, ya konferensi kubwa, imeshinda 10 na kupoteza mbili, lakini wapinzani wake wana wastani wa 0.6. Nusu ya tofauti ya nane ni 4, viwango vya wapinzani ni 7.2, jumla 11.2. Ongeza moja, gawanya kwa 14, unapata 0.871. Timu iliyofungwa mara mbili imeipita isiyofungwa kabisa, na kompyuta haijui jina la yeyote kati yao.

Je, ni haki? Inategemea hiyo 0.4 ilitoka wapi. Ndani ya konferensi, kila ushindi wa mmoja ni kushindwa kwa mwingine, kwa hiyo mechi za ndani haziwezi kuinua wala kushusha konferensi nzima. Kama konferensi isingecheza na mtu wa nje hata mara moja, wastani wake katika kanuni ya Colley ungebaki 0.5 kamili. Kinachoupandisha au kuushusha ni zile mechi tatu au nne ambazo kila timu hucheza nje ya konferensi yake, nyingi kati ya hizo mwezi Septemba. Ina maana kwamba heshima ya timu isiyofungwa ya konferensi ndogo huamuliwa kwa kiasi kikubwa katika wiki za kwanza za msimu, na tena si kwa miguu yake yenyewe. Huamuliwa na majirani zake walio mkiani, wanapokwenda kucheza na wakubwa na kurudi wamefungwa.

Nao huenda kwa sababu wanahitaji fedha. Chuo kikubwa hukilipa chuo kidogo, mara nyingi zaidi ya dola milioni moja, kije kucheza ugenini mechi moja isiyo na marudiano. Kwa mlipaji huo ni ushindi unaotarajiwa na kiingilio cha uwanja uliojaa. Kwa mlipwaji ni sehemu muhimu ya bajeti ya michezo ya mwaka. Mechi hizi huchezwa karibu zote nyumbani kwa mkubwa, na matokeo yake ndiyo malighafi ambayo kompyuta hutumia kupima konferensi nzima. Upande wa pili, timu ndogo iliyo imara kweli hukosa wa kucheza naye, kwa kuwa kwa mkubwa kufungwa na timu kama hiyo ni hasara na kuishinda hakuleti sifa. Boise State ya Idaho ililijua tatizo hilo kwa miaka mingi. Kompyuta haikuwa na upendeleo, lakini ratiba iliyoletwa mbele yake ilikuwa imepangwa na wenye nguvu. Hapo ndipo lawama inapostahili kuelekezwa.

Msimu wa 2010 unaonyesha jambo hilo waziwazi. Boise State ilianza ikiwa ya tatu katika kura ya AP, nafasi ya juu isiyo ya kawaida kwa timu ya WAC. Tarehe 6 Septemba iliifunga Virginia Tech pointi 33 kwa 30, ushindi ambao ungetosha kuipa uzito ratiba yake yote. Siku chache baadaye Virginia Tech ikafungwa nyumbani na James Madison, wakati huo timu ya daraja la chini, na thamani ya ushindi wa Boise ikaporomoka bila Boise kugusa mpira. Virginia Tech ilikuja kushinda mechi 11 mfululizo na kutwaa ubingwa wa konferensi ya ACC, ila thamani hiyo ilirudi polepole. Orodha ya kwanza ya BCS ya msimu huo ilipotoka Oktoba, Oklahoma ilikuwa juu kwa nguvu ya kompyuta, na Boise ilikuwa ya tatu, ikiwa imeshushwa na kompyuta chini ya mahali ilipowekwa na wapiga kura. Watu ndio walioitetea timu ndogo safari hii, kinyume na wengi wanavyodhani.

Sababu nyingine ya kushushwa huko ni kwamba kompyuta za BCS zilikatazwa kutazama ukubwa wa ushindi. Msimu wa 2001 Nebraska ilichapwa na Colorado 62 kwa 36, ikapelekwa fainali hata hivyo, na huko ikafungwa na Miami 37 kwa 14. Baada ya hapo viongozi wa BCS waliagiza tofauti ya pointi iondolewe katika hesabu, wakihofia pia kwamba makocha wangeendelea kuwaadhibu wanyonge ili kupanda viwango. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini timu ya konferensi ndogo isiyopata wapinzani wakubwa ina njia moja tu ya kuonyesha ubora wake, nayo ni kuwazidi wadogo wenzake kwa mbali. Boise ya 2010 iliifunga New Mexico State 59 kwa 0 na Fresno State 51 kwa 0. Kwa kompyuta hizo, ushindi wa namna hiyo ulikuwa sawa na ushindi wa pointi moja.

Sagarin aliendelea kuchapisha toleo lake lenye pointi sambamba na lile lililotumiwa na BCS, kwa kuwa lenye pointi hutabiri mechi zijazo vizuri zaidi. Lile la BCS lilifuata mtindo wa Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyetunga viwango vya wachezaji wa sataranji. Wapenzi wa soka Afrika Mashariki wanaishi na hesabu ya ukoo huohuo, maana tangu 2018 FIFA hupanga viwango vya timu za taifa kwa kanuni iliyojengwa juu ya wazo la Elo.

Pamoja na vikwazo hivyo, enzi za BCS zilitoa majibu uwanjani. Utah ya 2004 ilimaliza ya sita katika viwango, ikawa timu ya kwanza ya konferensi ndogo kuingia mechi kubwa za BCS, na ikaifunga Pittsburgh 35 kwa 7. Boise State iliyokuwa ya nane iliishangaza Oklahoma 43 kwa 42 katika muda wa nyongeza tarehe 1 Januari 2007. Hawaii ya 2007 haikuwa na bahati: ilishinda mechi zote 12 dhidi ya ratiba iliyokuwa na timu mbili za daraja la chini, ikaingia ikiwa ya kumi, na Georgia ikaichapa 41 kwa 10. Utah ilirudi msimu wa 2008, ikaifunga Alabama 31 kwa 17 na kubaki timu pekee isiyofungwa nchini. AP iliiweka ya pili nyuma ya Florida. Anderson na Hester waliiweka ya kwanza.

Msimu wa 2009 timu tano zilifika mwisho wa msimu wa kawaida bila kufungwa, mbili kati yake zikiwa za konferensi ndogo: TCU ya nne na Boise State ya sita. Zikapangwa zikutane zenyewe katika Fiesta Bowl, na Boise ikashinda 17 kwa 10. Uamuzi ule ulikuwa mbaya kwa michezo na kwa hisabati pia. Mechi kati ya timu mbili za nje haikuongeza ushahidi wowote wa kulinganisha wadogo na wakubwa, na ushahidi huo ndio uliokuwa ukikosekana siku zote. Mwaka uliofuata TCU ilipanda hadi nafasi ya tatu, ikapelekwa Rose Bowl na kuifunga Wisconsin 21 kwa 19. Hakuna timu ya konferensi ndogo iliyowahi kupata nafasi mojawapo kati ya mbili za juu katika miaka yote 16 ya BCS.

Umuhimu wa uwazi wa kanuni nao ulipata ushahidi wake mwaka 2010. Katika orodha ya mwisho LSU ilikuwa ya 10 na Boise State ya 11. Mchambuzi Jerry Palm, akirudia hesabu za Colley, aligundua kwamba matokeo ya mechi moja ya timu mbili za daraja la chini, Appalachian State na Western Illinois, hayakuwa yameingizwa. Mechi hiyo haikuihusu LSU wala Boise, lakini kwa kuwa viwango vyote vimefungamana, ilipoingizwa zilibadilishana nafasi. Kosa lilionekana kwa sababu tu kanuni ya Colley ilikuwa wazi. Kwa zile tano nyingine, hakuna mtu wa nje aliyeweza kufanya ukaguzi kama huo.

BCS ilimalizika na msimu wa 2013. Mfumo wa mchujo wa timu nne uliofuata uliziondoa kompyuta katika uamuzi na kuikabidhi kazi kamati ya watu 13. Kwa timu ndogo mabadiliko hayo hayakuleta nafuu. Western Michigan ilishinda mechi zote 13 mwaka 2016, na kamati ikaiweka ya 15. Mwaka uliofuata UCF ya Florida ilishinda zote 12 ikawekwa ya 12, kisha ikaifunga Auburn 34 kwa 27 katika Peach Bowl. Auburn hiyohiyo ilikuwa imezifunga Georgia na Alabama, timu mbili zilizocheza fainali. Alabama ilitwaa ubingwa ikiwa imefungwa mara moja. UCF haikufungwa kabisa, na kanuni ya Colley ikaiweka ya kwanza. Kwa kuwa viwango vya Colley ni miongoni mwa vinavyotambuliwa katika kitabu cha kumbukumbu cha NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, jina la UCF limeandikwa humo kama mojawapo ya timu zilizochaguliwa kuwa bingwa wa 2017. Chuo kilijitangaza bingwa, kikaandaa gwaride, na kikachekwa na wengi. Hesabu hiyo ilistahili heshima zaidi ya ilivyopewa.

Kompyuta za siku hizi zimegawanyika katika aina mbili, na tofauti hiyo ni muhimu kwa timu ndogo. Aina ya kwanza hupima timu imefanya nini, kama ya Colley. Aina ya pili hutabiri nani atamshinda nani kesho, kama FPI ya ESPN na SP+ ya Bill Connelly. Hizi za utabiri hutazama pointi au ubora wa kila mchezo, na mwanzoni mwa msimu hutumia pia rekodi za miaka iliyopita, wachezaji waliobaki na sifa za vijana waliosajiliwa. Kipengele hicho cha mwisho huanzisha timu ndogo ikiwa nyuma kabla mpira haujarushwa. Hata hivyo, huwa hazikosei kila mara. Liberty ya Conference USA ilimaliza msimu wa 2023 na ushindi wa mechi 13 dhidi ya mojawapo ya ratiba nyepesi kabisa, kamati ikaiweka ya 23, na Oregon ikaifunga 45 kwa 6. Ushindi wa mechi zote ni ushahidi wa kweli, ila uzito wake hutegemea zilichezwa na nani.

Cincinnati ililielewa hilo. Mwaka 2021 ilikwenda kwa Notre Dame na kushinda 24 kwa 13, na Notre Dame haikufungwa tena katika mechi zake zilizosalia za msimu wa kawaida. Ushindi huo mmoja uliibeba Cincinnati hadi nafasi ya nne, ikawa timu ya kwanza ya konferensi ndogo kuingia mchujo. Alabama iliitoa kwa 27 kwa 6. Kama kawaida, aliyefanikiwa alichukuliwa na wakubwa: Utah ilijiunga na Pac-12 mwaka 2011, TCU na Big 12 mwaka 2012, na Cincinnati, UCF, Houston na BYU zikaingia Big 12 mwaka 2023. Kila anapoondoka mmoja, konferensi aliyoiacha hupoteza timu iliyokuwa ikiipandishia wastani.

Mwaka 2024 mchujo uliongezwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa konferensi waliokuwa juu zaidi katika orodha ya kamati wakahakikishiwa kuingia, jambo lililomaanisha, kwa kuwa konferensi kubwa zilikuwa zimebaki chini ya tano, kwamba angalau mmoja angetoka nje yake. Boise State ilikuwa ya kwanza kunufaika, ikafungwa na Penn State 31 kwa 14. Msimu wa 2025 ziliingia mbili, Tulane na James Madison, na zote mbili zikatolewa katika raundi ya kwanza. Hadi mwisho wa msimu huo, hakuna timu ya konferensi ndogo iliyokuwa imeshinda mechi ya mchujo.